Jibu: Nyumba ya babu mtaa wa Mkomani, Lamu, lazima niombe ruhusa?

Kaka, umeuliza nyumba ni yako kwa hati, sasa uombe ruhusa ya nini kupiga simenti na kung'oa mlango. Hati sawa ni yako, lakini mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kwenye gazeti la serikali 1986 kuwa unalindwa, na 2001 UNESCO wakauingiza urithi wa dunia, kwa hiyo kinacholindwa ni mitaa yenyewe na nyumba zake sio Ngome peke yake. Sheria inayotumika sasa ni ile ya 2006 ya makumbusho na turathi, pita ofisi ya makumbusho kabla fundi hajashika nyundo.

Simenti usiguse wallahi. Mi nilipiga ukuta wa daka, ile baraza ya mlangoni, nikaona nimemaliza kazi, masika mawili tu plasta ikaanza kubanduka na chumvi nyeupe inatoka kama unga, mawe ya matumbawe yakifungiwa unyevu hayana pa kupumulia, yanataka chokaa. Boriti zilizooza weka za mkoko. Na huo mlango wa nakshi jamaa akija na pesa mkononi anataka kuununua mwambie aende zake tu. Picha za dari unazo? Tupia hapa tuone.