Barua kwa mwanangu anayejiandaa kwa usaili wa uhandisi mitambo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umeitwa kwenye usaili wa kiufundi, zimebaki siku 12, na unaniuliza: "Baba, nirudie masomo yote ya miaka 4, au kuna njia nyingine?"

Usirudie yote. Ukijaribu, utaingia chumbani na kichwa kilichojaa kanuni na hutajua uanze na ipi. Chagua mambo machache ya msingi, uyaelewe mpaka uweze kuyaeleza kwa sauti huku mkono ukichora.

Nakwambia hivi kwa sababu ya yaliyonipata. Kwenye usaili wangu wa kwanza, msaili mmoja aliweka mezani kipande cha shafti (mhimili wa mashine unaozunguka) iliyokatika akaniuliza, "Hii imekatikaje?" Nikaanza kutaja kanuni ya msokoto, nikaiandika yote bila kukosea herufi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza ile shafti ili uso uliokatika unielekee. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye mistari iliyopinda mfano wa alama za mawimbi mchangani, na pembeni palikuwa na eneo dogo lenye kukwaruza. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Ufa ulianzia pale kipenyo kilipopungua ghafla, ukakua kidogo kidogo kadiri shafti ilivyozunguka, hadi chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Huo ni uchovu wa metali. Kazi sikupata, na iliniuma muda mrefu, kwa kuwa somo hilo nililijua vizuri. Nilichokosa ni kutazama.

Basi anza na hilo. Jua kwa nini kona kali huzaa ufa, kwa nini tunaifanya kona hiyo iwe ya mviringo, na kwa nini mzigo mdogo unaorudiwa mara milioni huvunja chuma ambacho mzigo uleule ukiwekwa mara moja hakionyeshi hata dalili. Mhandisi Mjerumani August Wöhler aliyachunguza haya kwenye ekseli za treni katika karne ya 19. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1954, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilianguka baharini, na uchunguzi ukafika kwenye nyufa za uchovu katika kona za matundu ya mwili wa ndege. Ukiulizwa tofauti ya chuma na alumini katika jambo hili, kumbuka kwamba chuma cha kawaida kwa kawaida kina kiwango cha mkazo (mzigo kwa kila kipande cha eneo) ambacho chini yake mzigo unaweza kurudiwa bila kikomo na chuma kisivunjike. Alumini haina kiwango cha namna hiyo, kwa hiyo sehemu ya alumini inayotikiswa huhesabiwa umri.

Sasa mimi ndiye ninayesaili wengine, na swali ninalolipenda kuliko yote ni la boriti iliyopachikwa ukutani upande mmoja, na mzigo ukaning'inia kwenye ncha yake. Ni swali la mwaka wa kwanza, lakini linanionyesha mengi. Kwanza nauliza itavunjikia wapi. Hapo nataka uchore: juu panavutwa, chini panabanwa, na palipo hatari zaidi ni ukutani. Kisha nauliza, urefu ukiongezwa mara mbili, ncha itashuka kiasi gani? Mara 8, maana urefu unaingia kwa kipeo cha tatu. Nikiongeza upana mara mbili? Mshuko unapungua nusu tu. Nikiongeza kimo mara mbili? Unabaki sehemu moja ya nane. Anayeielewa hii haniulizi kwa nini vyuma vya ujenzi vina umbo la herufi I.

Mwisho nauliza hivi: "Boriti inapinda kupita kiasi. Mwenzako anapendekeza chuma chenye nguvu zaidi, cha bei ya juu. Unakubali?" Wengi hukubali, tena upesi. Haisaidii. Nguvu ni mkazo ambao chuma kinaweza kuubeba kabla ya kuharibika. Ukakamavu ni namna kinavyokataa kupinda, nao unatokana na umbo pamoja na moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi metali inavyokataa kunyooshwa, ambayo kwa vyuma karibu vyote ni takribani gigapaskali 200, cha bei nafuu na cha bei ghali. Badili umbo, au fupisha boriti. Tafadhali lala na tofauti hiyo kichwani.

Namba chache zikae kichwani pia, kwa sababu hutapewa jedwali. Alumini ina moduli ya gigapaskali 70 hivi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina takribani kilo 7,850, ya alumini kilo 2,700. Gawa moduli kwa uzito wa kila moja uone zinavyokaribiana. Hilo peke yake linatosha mazungumzo ya jioni nzima. Mita moja ya chuma hurefuka kama mikromita 12 kwa kila nyuzi moja ya joto, na alumini karibu mara mbili ya hapo.

Kwa pampu, jua jambo moja vizuri: pampu ya sentrifugali (inayosukuma maji kwa gurudumu lenye mapanga) ikipunguzwa kasi, mtiririko hupungua kwa uwiano uleule, lakini nguvu inayoliwa hufuata kipeo cha tatu. Kasi ikishuka hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi karibu nusu. Beringi za gololi nazo zina kipeo hicho hicho: mzigo mara mbili, umri moja ya nane. Termodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, pitia sheria zake na mizunguko mikuu, usizame huko.

Watakuuliza kuhusu mradi wako wa mwaka wa mwisho, na hapa naona vijana wengi wazuri wakijiangusha kwa kusema "tulifanya, tulifanya." Sema wewe ulifanya nini. Mzigo ulikuwa kiasi gani, kwa nini mlichagua metali ile, nini kilienda vibaya mlipojaribu, na leo ungebadilisha nini. Ule mkono wa mashine yenu uliokuwa ukitetema, uutaje wewe mwenyewe kabla hawajauliza. Nakumbuka ulivyokukosesha usingizi, na namna ulivyoupatia ufumbuzi inaonyesha uhandisi wako kuliko cheti.

Ukipewa tatizo, usikimbilie kukokotoa. Uliza: mzigo umetulia au unabadilika? Joto ni kiasi gani? Vitatengenezwa vipande 10 au 10,000? Hutaonekana mjinga kwa kuuliza. Mimi humwogopa asiyeuliza. Na ukikwama, sema, "Hili silijui kwa uhakika, lakini ningeanzia hapa," kisha uanze kweli, kwa makadirio, na vipimo vikiandikwa kila mstari.

Kila jioni chukua karatasi tupu, simama, jieleze swali moja kwa sauti. Kusoma kimya kunakudanganya kwamba unajua.

Jumamosi nipigie. Nitakuuliza kwa nini silinda nyembamba yenye gesi hupasuka kwa urefu na si kwa kuzunguka. Najua utaniambia mkazo wa kuzunguka ni mara mbili ya ule wa urefu. Nitataka unieleze ulikotoka, kwa kuikata silinda vipande viwili kwenye karatasi. Usiniandikie jibu, nataka kukusikia ukilifikiria.

Akupendaye,
Baba