Pumzi, joto, sukari: kwa mnaoanza wodi ya watoto wachanga

Karibuni wodini, madaktari tarajali na wauguzi mliopangwa huku. Wengi mnafika mkiogopa udogo wa mgonjwa. Njiti wa gramu 1,200 anatisha kumshika, lakini hofu hiyo huisha haraka. Kinachochukua muda ni kuzoea kwamba mgonjwa huyu ana sura moja kwa magonjwa mengi. Maambukizi ya damu, sukari kushuka, baridi, ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa: yote yanaweza kuanza kwa mtoto kulegea na kugoma kunyonya, basi. Hata homa mara nyingi hana, badala yake anapoa. Kwa hiyo ukianza kwa kujiuliza "huu ni ugonjwa gani?" utachelewa. Anza na kile kinachoua haraka na kinachorekebishika hapo hapo kitandani, yaani pumzi, joto na sukari. Jina la ugonjwa litakuja baadaye, tena mara nyingine haliji kabisa na mtoto anapona.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Najua mmezoea kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kwa njiti usifanye hivyo, kwa sababu anapumua kwa mafungu: anakwenda mbio, anatulia sekunde chache, anaanza tena. Mfunue kifua, mwangalie kwanza bila kumgusa. Pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Kifua kikibonyea ndani, pua zikitanuka, na ukasikia anaguna kila anapotoa pumzi, huyo anapigana kuzuia mapafu yasifunge. Akiwa njiti na ameanza kuguna saa za mwanzo, fikiria upungufu wa safaktanti, ule utelezi unaozuia mapafu kufunga, na umuwekee CPAP, mashine inayosukuma hewa puani mfululizo, mapema akiwa bado ana nguvu. Ukisubiri mpaka awe wa bluu, utamwekea mtoto aliyekwisha kuchoka. Aliyetimiza miezi tisa tumboni akatolewa kwa upasuaji, anapumua haraka lakini amechangamka, mara nyingi ana maji ya mapafu yaliyochelewa kukauka na hutulia ndani ya siku mbili tatu. Mpaka atulie, mfuatilie kama mgonjwa wa nimonia.

Oksijeni nayo ni dawa na ina kipimo. Njiti aliye kwenye oksijeni, kiwango chake cha oksijeni kwenye damu tunakilenga kati ya asilimia 90 na 95. Ukiona 100 kwenye kioo cha mashine usifurahi, punguza. Oksijeni ikizidi huharibu mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na upofu huo hugundulika mtoto akiwa keshaondoka mikononi mwako.

Njiti akiacha kupumua kwa sekunde 20, au chini ya hapo lakini mapigo ya moyo yameshuka au amebadilika rangi, msugue mgongo au nyayo. Asipoitika, chukua ambu, mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, usimsubiri daktari. Kafeini (sitreti), dawa ya kumchochea apumue, huanza kwa miligramu 20 kwa kila kilo, na pale isipopatikana tunatumia aminofilini huku tukichunga mapigo yasipande mno. Angalizo moja: mtoto aliyekuwa anapumua vizuri siku kadhaa, halafu leo ndiyo anaanza kusahau kupumua, usimsingizie unjiti. Tafuta maambukizi.

Kuhusu joto nina maneno mengi kidogo. Kwapani tunataka nyuzi 36.5 hadi 37.5. Chini ya hapo mtoto anachoma sukari na oksijeni ili ajipashe moto, na hapo ndipo matatizo yanapoanza kuvutana. Bado nakuta wodi ambako njiti watatu wamelazwa kwenye mashine moja ya joto, mama zao wamekaa kwenye benchi nje. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwachukua watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 ukawaweka kifuani kwa mama tangu mwanzo, bila kungoja hali itengemae kwanza. Vifo vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likabadilisha mwongozo wake: kangaruu, yaani huko kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika hali ya mshtuko, yaani mzunguko wake wa damu umefeli. Kwa hiyo mama asichukuliwe kama mgeni wa saa za kutembelea wagonjwa. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, awekwe wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeuzwa upande, na kidevu kisizame kifuani. Kitenge kikazwe mpaka usawa wa sikio. Kikilegea, mtoto atateleza chini na shingo itajikunja.

Sukari ipimwe kwa kila mtoto aliyelegea, anayetetemeka, aliyepoa au mwenye degedege. Degedege ya mtoto mchanga haifanani na ile mliyoizoea wodi ya watoto wakubwa: anatafunatafuna, anakodoa macho upande mmoja, anakanyaga hewa kama anaendesha baiskeli. Kabla ya fenobabitoni, dawa ya degedege, pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita (au 45, kama mashine yenu inasoma miligramu kwa desilita), mpe dekstrosi, maji ya sukari, ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, polepole kwenye mshipa. Stoo mara nyingi ina ya asilimia 50 pekee, na hiyo haiingii kwenye mshipa wa mtoto mchanga ikiwa hivyo ilivyo. Vuta mililita 2 kwenye sirinji ya 10, jazia maji ya sindano mililita 8, umepata ya 10. Rudia kipimo baada ya nusu saa, na uhakikishe kuna maziwa au dripu inayofuata, la sivyo sukari itashuka tena na utashangaa.

Sasa maambukizi. Uliza chupa ilipasuka lini. Ikiwa ilipita saa 18 kabla ya kujifungua, au mama alikuwa na homa, uwe macho. Ukishuku, chukua damu ya kuotesha kama maabara inafanya, kisha anza ampisilini na jentamaisini, usingoje majibu. Hatari kubwa iko kwenye kupima dozi. Kichupa cha jentamaisini cha miligramu 80 kina mililita 2. Njiti wa kilo 1.5, kwa miligramu 3 kwa kilo, anahitaji miligramu 4.5, ambazo kutoka kwenye kichupa hicho ni kama mililita 0.11. Hakuna mkono unaoweza kupima hapo bila kukosea. Ongeza mililita 6 za maji ya sindano, sasa kila mililita ina miligramu 10, unavuta 0.45 kwa sirinji ya mililita moja. Mwenzako ahakiki kabla hujachoma. Seftriaksoni usiipe kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini: haifai kwa mwenye manjano, wala kwa anayepewa kalsiamu kwenye mshipa. Tena mtoto aliyeumwa akiwa wodini siku kadhaa anaweza kuwa na Klebsiella, bakteria wa hospitalini asiyesikia dawa za mwanzo. Huyo ameletewa na mikono yetu.

Manjano ni somo lenye ubishi, hasa na bibi wa mtoto. Mchana, karibu na dirisha, bonyeza ngozi ya kifua kwa kidole kisha achia, uone rangi inayobaki. Kwa ngozi nyeusi angalia fizi na nyayo. Manjano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida hata siku moja, na iliyofika viganjani na nyayoni haisubiri kesho. Uliza kundi la damu la mama. Kama ni mtoto wa kiume, uliza pia kama nguo zake zilitoka kwenye sanduku lenye naftalini, maana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, upo kwetu na naftalini huvunja seli za damu za mtoto wa namna hiyo.

Mtaambiwa "muanikeni juani." Ni kweli kwamba tiba ya manjano kwa mwanga ilianzia juani: mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto nje, na ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua imepungua manjano. Lakini walichofanya madaktari wa huko baada ya hapo ni kutengeneza taa, kwa sababu jua halina kipimo na linamwacha mtoto ama amepoa ama ameungua. Taa zetu nazo zikaguliwe. Taa iliyochakaa bado inawaka bluu ikapendeza macho, huku nguvu yake ya kutibu imekwisha. Funika macho, vua nguo ubakize nepi, na kunyonya kusikatishwe. Bilirubini, ile rangi ya damu inayoleta manjano, ikiingia ubongoni huacha uziwi na mtindio wa ubongo usiorudishika.

Matapishi ya kijani hayana mjadala: simamisha maziwa, weka mpira wa tumbo, mwite daktari wa upasuaji. Njiti ambaye tumbo limevimba na choo kina damu, vivyo hivyo, pamoja na antibiotiki.

Na mama akikwambia, "Sista, mwanangu leo siyo yule wa jana," usimjibu kwamba ni uchovu wake. Wewe umemwona dakika tano, yeye amekesha naye. Rudi kwenye pumzi, joto, sukari, kisha uandike kwenye faili saa aliyosema.

Siku ya kuruhusiwa, aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 au chini ya wiki 32 apewe tarehe ya kuchunguzwa retina, karibu wiki ya nne tangu kuzaliwa. Iandikwe kwenye kadi ya kliniki mama akiwa bado hajafungasha, kwa kuwa wataalamu wa retina wako hospitali chache na huenda akalazimika kutafuta nauli mapema.