Maswali ya Wasomaji: Merikebu za Mvuke Zinazokwenda Mirihi

Tumepokea barua kadhaa kuhusu riwaya za watoto za aina inayoitwa stimpanki, yaani hadithi zinazoichukua Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, na kuipa vyombo ambavyo haikuwahi kuwa navyo: merikebu za mvuke zinazopaa hadi Mwezini, mashine za shaba zinazofikiri, makoloni katika sayari nyingine. Tatu kati ya barua hizo zinajibiwa hapa.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi hataki kuiweka chini riwaya moja ya aina hiyo. Ndani yake watoto wawili wanasafiri kati ya sayari kwa merikebu inayochoma makaa ya mawe, na huko angani kuna hewa ya kupumua. Je, huku si kumfundisha uongo wakati ule ule anapojifunza sayansi shuleni? (Mzazi)

JIBU: Ungekuwa uongo kama mwandishi angetaka aaminiwe. Alichofanya ni kupatana na msomaji wake kwamba kanuni moja ya maumbile imebadilishwa na nyingine zimeachwa kama zilivyo, na watoto huyaelewa mapatano ya namna hiyo upesi kuliko sisi wazazi. Linalostahili kuchunguzwa ni kama mwandishi mwenyewe anaitii kanuni aliyoitunga. Akishasema kwamba anga limejaa hewa, basi huko lazima kuwe na upepo, mizinga isikike inapolia, merikebu iendayo kasi ipate joto kwa kusuguana na hewa hiyo, na haramia anayetupwa nje asife kwa kukosa pumzi kwa sababu tu sura ya mwisho imewadia na mwandishi anahitaji kumwondoa.

Isitoshe, mawazo haya hayakubuniwa juzi. Wanasayansi wa karne ya 19 waliamini kwa dhati kwamba anga lote limejaa kitu kiitwacho etha, ambacho ndicho kilichobeba mawimbi ya mwanga, na ni mwaka 1887 ambapo Albert Michelson na Edward Morley, huko Marekani, walipofanya jaribio lao mashuhuri na kukosa kabisa dalili ya etha hiyo. (Haikudhaniwa kuwa hewa ya kupumua, lakini hapo tumsamehe mwandishi.) Mwaka 1835 gazeti moja la New York lilichapisha habari za watu wenye mabawa kama ya popo wanaoishi Mwezini, na wasomaji wengi wakaziamini. Mwaka 1877 mtaalamu wa nyota wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari mirefu aliyoiona kwenye uso wa Mirihi, na baadaye Percival Lowell, mtaalamu wa nyota wa Marekani, akashikilia kuwa ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Kwa hiyo riwaya anayosoma mwanao inauliza swali moja la haki: ingekuwaje kama watu wale wangekuwa wamepatia?

Kuhusu mvuke, mwache alete maswali nyumbani. Moto wa makaa ya mawe unahitaji oksijeni, na angani haipo. Rafadha, yaani pangaboi linalosukuma chombo mbele, inahitaji kitu cha kusukuma, iwe maji au hewa, na huko hakuna. Na chombo kinachorushwa kiondoke duniani bila kusukumwa tena kinahitaji mwendo wa takriban kilomita 11 kwa sekunde. Mwandishi Mfaransa Jules Verne, katika riwaya yake ya 1865 kuhusu safari ya Mwezini, aliujua mwendo huo na akautafuta kwa mzinga wenye urefu wa futi 900. Hesabu yake ya mwendo ilikuwa nzuri sana, ila abiria wake wangepondeka pale pale mzinga ulipofyatuliwa. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini wangepondeka amejifunza fizikia ya kutosha kwa mwaka huo.

SWALI: Ninawasomea wanafunzi wangu riwaya ambamo bendera ya Uingereza inapepea Mwezini, na viumbe wa sayari nyingine ni watumishi na mabaharia wa Waingereza. Nahisi mwandishi anafanya dhihaka, lakini sina hakika kama wanafunzi wanaelewa nani anayechekwa. Je, niiache? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, usiiache, ila usiisome kwa haraka. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika hadithi za aina hii, na waandishi wengi hulipita kwa kulifunika na magurudumu ya shaba na kofia ndefu. Mwaka 1851, ambao wanaopenda enzi hiyo huutaja sana, Uingereza ilifanya Maonyesho Makuu ndani ya jengo kubwa la vioo katika Hyde Park, London, nayo yalitembelewa mara milioni 6 hivi. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa mbele ya umati ilikuwa almasi ya Koh-i-Noor. Ilikuwa imefika kwa Malkia baada ya Punjab, ufalme wa kaskazini mwa Bara Hindi, kutekwa mwaka 1849, kwa mkataba uliomlazimu mtawala wake, Duleep Singh, kuitoa almasi hiyo na kuachia ufalme. Duleep Singh alikuwa na umri wa miaka 10. Ni umri wa wahusika wakuu wa riwaya hizi, na labda wa wanafunzi wako pia. Waeleze habari hiyo kabla ya kuwasomea sura ambayo gavana anaimiliki Mirihi kwa sahihi moja.

Kisha waulize maswali mepesi kuhusu viumbe wale. Je, wana majina yao wenyewe, au wamepewa na mabwana zao? Je, wanazungumza wao kwa wao mwandishi akasikia? Je, wanatenda jambo kwa sababu zao, au wanatokea tu pale mtoto wa Kiingereza anapohitaji kuokolewa? Riwaya nzuri humwacha msimulizi ajisifu jinsi taifa lake lilivyostaarabu, halafu matukio yenyewe yakamuumbua mbele ya msomaji. Iliyo dhaifu hujisifu pamoja naye. Mbinu hii pia si mpya, kwani mwandishi Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake ya 1898 kuhusu uvamizi wa viumbe wa Mirihi, aliigeuza dola na kuifanya yenyewe ndiyo inayovamiwa, na katika sura ya kwanza akawakumbusha Waingereza yaliyowapata wenyeji wa kisiwa cha Tasmania, walioangamizwa na walowezi kutoka Ulaya.

Kuna swali jingine ambalo husahauliwa: nani anayetia makaa tanurini? Hadi sheria ya 1842 ilipopitishwa, Uingereza iliruhusu wanawake na watoto wadogo wafanye kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe, na hata sheria hiyo ilizuia wavulana wa chini ya miaka 10 tu. Merikebu ya kwenda Mirihi ingekula makaa mengi mno.

SWALI: Nina miaka kumi na minne na nataka kuandika hadithi yangu ya stimpanki. Nianzie wapi? (Mwanafunzi)

JIBU: Anza na badiliko moja na mwaka wake, usianze na mavazi. Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza, kwa mfano, alibuni katika miaka ya 1830 mashine ya kukokotoa ambayo ingefuata maagizo ya kadi zilizotobolewa, na mwaka 1843 mwanahisabati mwenzake, Ada Lovelace, akachapisha maelezo yaliyoonyesha jinsi ingeweza kupangiwa kazi. Haikujengwa. Mashine yake nyingine, nyepesi zaidi, ilikuja kuundwa na Makumbusho ya Sayansi ya London, sehemu yake ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991, nayo ikafanya kazi. Chukulia kwamba zote mbili zilikamilika mwaka 1845, kisha fuata matokeo yake bila kudanganya: nani anatajirika, nani anapoteza kazi, nani anaiba kadi.

Ukitaka kwenda angani, kumbuka kwamba boila haihitaji makaa peke yake. Inahitaji maji, na mvuke unaotoka nje haurudi. Amua mapema mabaharia wako watayapata wapi maji hayo kati ya Dunia na Mirihi, na watafanya nini yakiisha njiani, kwa kuwa sura hiyo ndiyo ningetaka kuisoma kwanza.