Baiskeli imeharibika na pesa ni kidogo: majibu ya maswali yenu

Msomaji wa Ahero: Baiskeli yangu ya Black Mamba ya kubeba jerikeni, cheni inaruka kila nikipanda mlima. Fundi anataka ninunue cheni, friwili (meno ya gurudumu la nyuma) na sproketi ya mbele zote pamoja. Ananila pesa?

Pengine hapana, lakini pima kwanza kabla hujatoa pesa mfukoni. Chukua rula, weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, alafu hesabu pini 24 kwenda mbele. Cheni mpya inafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake mapema. Ikizidi kwa moja ya nane basi kawaida imeshakula friwili, na ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyoisha itaruka vilevile. Sproketi ya mbele ina meno mengi kwa hivyo inakawia kuisha, mara nyingi hiyo inaweza kungoja. Na cheni ioshe na mafuta ya taa, uipanguse, uweke oili matone tu, sio kumwagia ile oili chafu ya gari, vumbi la barabara likishikana nayo linasaga cheni kama msasa.

Msomaji wa Free Area, Nakuru: Nimenunua tairi ya 28 ya Mamba, imekataa kabisa kuingia kwa rimu. Nimetumia hadi spana.

Acha hiyo spana, utapasua tyubu! 28 ziko zaidi ya moja. Angalia kando ya tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, hiyo ya pili, kipenyo cha pale tairi inakalia rimu kwa milimita, ndio inakuambia ukweli. Mamba huwa inavaa 635, na hizi baiskeli za kisasa zinavaa 622, tofauti ni milimita 13 na hakuna nguvu ya kuimaliza. Rudisha duka kabla haijachafuka.

Msomaji wa Mumias: Foki ya mbele imepasuka karibu na pale inaingilia fremu. Welda ananiambia atachomelea kwa bei ya chai. Nabebanga watoto shule asubuhi.

Usikubali, tafadhali. Fremu ya chuma ikipasuka welda mzuri anaweza kuiokoa, hiyo sina shida nayo, lakini foki ikikatika haikupi nafasi ya kushuka, gurudumu linaenda kivyake na wewe unaanguka kwa uso na mtoto yuko nyuma. Tafuta foki ya mtumba kwa wale wanauza vyuma vya baiskeli, beba ile mbovu ulinganishe urefu wa bomba la juu, unene na uzi wake, alafu ishike juu uangalie kama miguu yote miwili imenyooka, na ukwangue rangi kidogo pale juu uone kama kuna ufa umefichwa. Kama pesa haijatosha leo, heri watoto watembee wiki hiyo.

Na wale wa fremu za alumini, sumaku ya spika mbovu itakuambia: isiposhika sio chuma, na usimpe welda wa kando ya barabara.

Msomaji wa Kondele, Kisumu: Krenki (mkono wa pedo) inacheza nikikanyaga, nakaza nati ya kotapini, ile pini inashika krenki kwa ekseli, kila siku lakini inalegea tu.

Nati haivuti kotapini, inaishikilia tu. Weka kitu kigumu chini ya krenki, gonga pini iingie hadi ikatae, ndio ukaze nati, na ukishaendesha kidogo rudia. Kama pini imeshalika nunua mpya, ni kitu cha bei ya chini sana, na mbili zote zielekee pande tofauti ndio pedo zikae mstari mmoja. Ikiendelea kucheza basi fungua ekseli ya krenki uangalie gololi. Badilisha zote, usichanganye mpya na za zamani kwa sababu zile kubwa ndio zitabeba mzigo wote, na kikombe zinamokaa kikiwa na mashimo gololi mpya hazitadumu, hapo nunua na kikombe.