Nyumba iliyokimbiwa, na mimi jirani yake

Majani yalifika madirishani ndipo nikakubali kwamba majirani zangu hawarudi. Walihama kimyakimya, mkopo ukiwa umewashinda, na huku mashambani nyumba ikifungwa hakuna wa kuiangalia ila sisi tunaopakana nayo. Nimeishi ubavuni mwa nyumba ile miezi kumi na minne. Niliyokosea ni mengi kuliko niliyopatia.

Kosa la kwanza lilitokana na mazoea ya kusema tu, kama kila mtu hapa, kwamba “hiyo ni nyumba ya benki.” Nikapiga simu benki. Nikazungushwa karibu miezi miwili, kutoka kwa huyu hadi kwa yule, mpaka mmoja akaniambia waziwazi kwamba nyumba si yao. Na kweli haikuwa yao. Sehemu nyingi, rehani haimfanyi mkopeshaji kuwa mwenye nyumba. Inampa haki ya kuiuza deni lisipolipwa. Mpaka iuzwe na jina libadilishwe kwenye daftari la ardhi, mwenyewe ni yule yule aliyehama. Safari hiyo ya kutoka ilani ya kwanza hadi mnada yaweza kuchukua mwaka na zaidi, na wako wanaofungasha siku ileile wanayopata barua, wakidhani wameshafukuzwa. Hapo katikati ndipo nyumba huoza. Aliyeondoka anajiona hahusiki tena, na benki haina haraka ya kugharamia kisichokuwa chake.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mtu, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa kiwanja hicho. Utaona jina la mmiliki, na utaona rehani imeandikishwa kwa nani. Usishangae ukikuta si mkopeshaji uliyemdhania, maana mikopo nayo huuzwa. Kisha andika barua. Simu yangu haikuacha alama yoyote. Barua yenye namba ya kiwanja, picha zenye tarehe, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ilijibiwa.

Usiandike kwamba nyumba inachafua mandhari, hilo halimnyimi mtu usingizi. Andika hatari. Yangu ilikuwa shimo la maji taka. Kifuniko chake kilikuwa cha mbao, majani yamekilalia, na mimi nililigundua kwa mguu: ubao ulilia, nikaruka nyuma. Watoto walikuwa wakikatiza hapo kila jioni. Shimo la namna hiyo lina hewa inayoweza kuua hata anayeingia kuokoa, kwa hiyo waambie watu wa kwako mapema kwamba mtu akitumbukia, waite waokoaji, wasimfuate ndani.

Mtauliza mguu wangu ulifuata nini huko. Nilikuwa nafyeka. Nilijiona mwema sana siku hiyo. Wiki iliyofuata mabomba na nyaya za umeme zikawa zimeng’olewa, na mtu pekee aliyekuwa ameonekana kwenye kiwanja akiwa na panga mkononi ni mimi. Fyeka upande wako, tena upana wa kutosha ili moto wa majani makavu usivuke. Ng’ambo ya mpaka ingia kwa ruhusa iliyoandikwa tu, hata mlango ukiwa wazi. Ukiruhusiwa na ukakuta popo wamehamia darini, usifagie mavi yao yakiwa makavu. Vumbi lake laweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiinunue. Mnadani nyumba huuzwa kama ilivyo, na mara nyingi hupewi nafasi ya kuingia ndani. Mimi ningetaka kwanza kujua kuhusu kodi zinazodaiwa, mipaka, kisima, na kama njia ya kuingilia imo kwenye hati au mwenye nyumba alikuwa akipita tu kwa hisani ya jirani. Hili la njia huku mashambani limewaliza wengi.

Kosa lililoniuma zaidi lilihusu unyevu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na doa lililopanda kila mwezi, nami nikadhani ni mvua. Jina la mwenye nyumba nilikuwa nimeshaliona kwenye daftari, na namba yake ninayo siku zote. Sikumpigia. Niliona haya kwa niaba yake, nikasema nitamtonesha kidonda. Siku moja akaja mwenyewe, akasimama nje ya uzio kama mgeni. Nikamwita, tukasalimiana, nikamwonyesha lile doa.

Alilitazama kidogo tu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kona ya uzio, akafukua udongo kwa mikono, akafunga koki ya maji ambayo sisi wote hatukujua kama ipo. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu. “Ungenipigia,” akasema.

Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kumletea maji ya kunawa.