Maswali ya Wasomaji: Jumba limebomolewa, karatasi zake ziko wapi?

Barua nne za mwezi huu zinahusu majumba ya makabaila wa England. Tangu 1900 zaidi ya elfu moja yamebomolewa au kuachwa magofu. Kodi ya mirathi ilianza 1894 ikiwa haizidi asilimia 8, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikafika asilimia 80. Warithi wengi waliuawa vitani, na majumba mengine yaliharibiwa na majeshi yaliyowekwa humo.

*Bibi wa mama mkwe wangu alikuwa mtumishi wa ndani huko Clumber, Nottinghamshire, kabla ya 1914. Tulikwenda, tukakuta nyasi, ziwa na kanisa tu. Je, kumbukumbu zilipotea pamoja na jumba?*
Msomaji, Leicester

Hazikupotea, dada. Jumba la Clumber lilibomolewa 1938, lakini karatasi za nyumba hizi humfuata mwenye mali, hazifuati kuta. Clumber ilikuwa ya makabaila wenye cheo cha Duke of Newcastle, na nyaraka zao nyingi leo zimo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Nottingham. Hapa ndipo watu wengi hukwama: wanaandika jina la jumba kwenye kompyuta, hawapati kitu, wanakata tamaa. Andika jina la ukoo na cheo cha mwenye jumba. Witley Court ni mfano mzuri. Liliungua 1937 na magofu yake yapo Worcestershire, lakini anayetafuta habari za karne ya 19 lazima aende hifadhi ya mji wa Dudley, kwa kuwa mwenye jumba wakati huo, Earl of Dudley, alikuwa na migodi na viwanda huko, na ofisi zake zilikuwa huko.

Anza na orodha ya mtandaoni ya The National Archives (hifadhi ya taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London) iitwayo Discovery. Inaonyesha nyaraka zilizomo katika hifadhi za kaunti na vyuo nchi nzima, si za Kew peke yake. Ukipata namba ya kumbukumbu, waandikie hifadhi wenyewe kabla ya kupanda treni, uulize madaftari ya mishahara, hesabu za nyumba na barua za wakili wa mali. Usishangae jina lake lisipokuwemo: mara nyingine daftari linaonyesha jumla ya fedha alizokabidhiwa msimamizi wa watumishi wa kike, bila majina ya wasichana wa chini.

Kabla ya hayo, hakikisha kwa sensa kwamba kweli alikuwa pale. Sensa ya 1901 ilipigwa usiku wa 31 Machi, ya 1911 usiku wa 2 Aprili. Majira hayo matajiri wengi walikuwa London na sehemu ya watumishi wao, kwa hiyo jumba lenye vyumba mia unaweza kulikuta na watu wanane. Mtafute kwa jina lake na mahali alipozaliwa, usimtafute kwa jumba. Huenda yuko Mayfair au Belgravia, mitaa ya matajiri wa London. Na usimtupe mtu kwa sababu amezaliwa mbali. Wenye majumba walipenda wasichana wa kaunti nyingine, wasiokuwa na ndugu wala wachumba kijijini, na wengi walihama baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ukirudi nyuma hadi 1841, utaona herufi F.S. kwa mtumishi wa kike na M.S. kwa wa kiume. Mwaka huo umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu: msichana wa miaka 19 ameandikwa 15. Ukija mbele, sensa ya 1921 ni hazina, maana iliuliza jina la mwajiri. Ya 1931 iliteketea kwa moto 1942, na 1941 haikufanyika kabisa, hivyo pengo linazibwa na rejista ya 29 Septemba 1939, ya raia walioandikishwa vita vilipoanza. Ndani yake wanawake wengi wameongezewa jina la ndoa kando ya jina la kuzaliwa, jambo linalookoa miezi ya kazi.

*Babu wa mke wangu alikuwa mtunza bustani, akiishi katika nyumba ndogo ya mwenye shamba. Mali yote ilipigwa mnada 1919. Nitajuaje ni nyumba ipi?*
Msomaji, Birmingham

Tafuta katalogi ya mnada wenyewe. Mali ilipouzwa vipande vipande, kila kipande kilipewa namba, na mara nyingi chini yake kuna jina la mpangaji, eneo la ardhi na kodi ya mwaka, pamoja na ramani ya rangi iliyokunjwa nyuma. Ulizia hifadhi ya kaunti kwanza, kisha hifadhi ya Historic England, taasisi ya majengo ya kihistoria, iliyoko Swindon.

Kama haipo, tumia uthamini wa ardhi uliofuata sheria ya fedha ya 1910. Utaratibu una hatua mbili na hauendi kinyumenyume: kwanza ramani, upate namba ya kiwanja, halafu daftari la uwandani, lililo Kew katika mfululizo wa IR 58. Utasoma mwenye nyumba, mkaaji, kodi, hata idadi ya vyumba na hali ya paa. Ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za inchi 25 kwa maili unaweza kuziona bure kwenye tovuti ya National Library of Scotland, nazo zinaonyesha hadi kuta za bustani.

Angalizo moja. Mtunza bustani aliyepewa nyumba kama sehemu ya ujira hakulipa kodi, hivyo huenda asitajwe kama mpangaji. Na kama alikuwa bado hajaoa, mtafute katika bweni la vijana wa bustani, lililojengwa mara nyingi nyuma ya ukuta wa kaskazini wa bustani na kuandikwa kwenye sensa kama kaya ya peke yake.

*Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya miaka ya 1920. Tunajua jina lake tu, na kwamba "nyumba yao ilivunjwa".*
Msomaji, Nairobi

Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 zimo Kew katika mfululizo wa BT 27. Tafuta meli za Mombasa. Katika miaka ya 1920 orodha hizo zilianza kuandika anwani ya mwisho ya abiria Uingereza, na hiyo ndiyo itakayokupeleka kwenye kaunti. Upande wa nyumbani, pekua Kenya Gazette kwa matangazo ya mirathi. Kama alikuwa na mali England pia, huenda akawemo katika kalenda ya wosia ya huko, yaani orodha ya kila mwaka ya mirathi iliyothibitishwa.

Kanuni ya kumfuata mwenye mali inakuhusu na wewe. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza wa Kenya aliyefariki kwa ajali ya ndege Voi 1931 na kuzikwa Ngong, alitoka katika ukoo uliokuwa na Haverholme Priory, Lincolnshire, jumba ambalo sehemu kubwa ilibomolewa miaka hiyohiyo ya 1920. Lakini mkusanyo mkubwa wa karatasi za kale za Finch Hatton uko Northampton, kwa kuwa ukoo ulimiliki pia Kirby Hall, ambalo nalo sehemu yake kubwa ni gofu. Anayetafuta katika hifadhi ya Lincoln peke yake ataukosa.

*Jina letu la ukoo ni sawa na la mabwana wa jumba lililovunjwa. Duka moja linatuuzia nembo ya ukoo. Tununue?*
Msomaji, Muscat

Msinunue. England nembo hupewa mtu na wazawa wake halali kupitia mstari wa kiume, haipewi jina. Fedha hiyo agizeni cheti cha kuzaliwa cha babu wa mbali kabisa mnayemjua. Faharasa ya mtandaoni ya General Register Office, ofisi ya vizazi na vifo ya England, iliyopangwa kwa robo za mwaka, inaonyesha jina la ukoo la mama tangu 1837, kwa hiyo mnaweza kutenganisha watu wenye majina sawa kabla ya kulipa. Kumbukeni pia kwamba mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha: mtoto wa Desemba mara nyingi yuko katika robo ya kwanza ya mwaka unaofuata.