Kaunti au NEMA: jaa la taka ni la nani?

Ndugu, umeuliza kwa nini kaunti na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zinatupiana lawama huku jaa likitiririsha uchafu mtoni. Wote wanahusika. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa kaunti uzoaji taka na majaa. Ulinzi wa mazingira kwa jumla ni wa serikali kuu, na leseni ya jaa hutolewa na NEMA.

Andika barua moja, nakala kwa wote, na picha zenye tarehe. Ulizia Kamati ya Mazingira ya Kaunti, ile inayoundwa na gavana, ilikutana lini mara ya mwisho. (Nyingi naona zipo kwa jina tu.) Wakinyamaza, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyedhurika.